Dawa ya Kudekia

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokulia Kariakoo wakati mitaa ni mchanga mtupu, hakukuwa na cha chekechea wala nini. Mama akienda kuuza mchicha sokoni, mtoto anaachwa kwa Bi Mwanaidi, basi. Siku hizi mtoto wa miaka mitatu ana begi, ana sare, akimaliza anavalishwa joho. Sisi tulienda na kigauni kimoja na kamasi zetu. Mimi mwenyewe shule niliishia darasa la tatu, joho nimeliona kwa wajukuu.

Lakini usafi wa Bi Mwanaidi, jamani! Asubuhi anafagia chumba cha mbele, anadeki kwa sabuni, halafu ndiyo inakuja dawa. Nyeusi tii, anaiweka kwenye chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, nyuma ya mlango. Akiitia kwenye ndoo maji yanakuwa meupe kama tui, na harufu yake unaikuta mpaka kwenye uji.

"Tokeni nje mpaka pakauke!" anatufukuza. "Dawa hii kiboko, haibakishi mdudu!"

Basi nikapata mapunye. Kichwa kikawa kama uwanja wa mpira, nyasi hapa, vumbi pale. Bi Mwanaidi akaninyoa, akanipa mkeka wangu peke yangu kule karibu na mlango, na kikombe changu anakichemsha mbali na vya wenzangu.

"Chiku mwanangu, kaa hukohuko na mapunye yako, usinigawie watoto."

Hakunichukia, hapana. Ila ukiwa mdogo, mkeka wa peke yako ni kisiwa. Wenzangu wanacheza mdako, nasikia kokoto zinagonga sakafu, nasikia wanacheka, na mimi nacheka kwa mbali kama mtu aliyealikwa harusi akakosa kadi. Aliyekuwa ananisogelea ni Aikande tu, mtoto wa Mchaga mwenye duka la kona. Anasimama mbali kidogo kama alivyoagizwa.

"Bado tu hujapona?"

"Bado."

"Sisi tunahamia Magomeni. Baba kashapata nyumba. Pona upesi basi, tucheze kabla hatujaondoka."

Nikakaa nikafikiri, na kufikiri kwangu huko ndiko kulikonikomesha darasa la tatu. Mama alishaniambia mapunye ni vijidudu. Bi Mwanaidi kila siku anasema dawa yake haibakishi mdudu. Sasa dawa si dawa? Kama inaponya sakafu, kichwa changu kina nini?

Bi Mwanaidi alipoingia uani kuchemsha vikombe, nikavuta chupa nyuma ya mlango. Nikachomoa gunzi. Nikajimiminia utosini, bila tone la maji.

Wenzangu, moto ule! Nilipiga kelele, lakini Aikande alinishinda. "Bi Mwanaidi! Chiku anaungua!"

Bi Mwanaidi akaja mbio. Akaniziba macho kwa kiganja, akaniinamisha, akaanza kunimwagia maji. Jirani akachungulia, "Mpake mafuta huyo!"

"Mafuta ya nini? Lete maji!"

Mtungi wote wa maji ya kunywa ukaishia kichwani kwangu, na bado akaagiza mengine bombani. Mimi nalia, yeye analia, watoto wote wanalia, utadhani msiba.

Mama alipofika akanitazama. "Umekuwa sakafu wewe?" Halafu akanikumbatia hivyohivyo na harufu yangu.

Tangu siku ile chupa ilihamia juu ya kabati na kitambaa chekundu shingoni, na ukiita dawa mbele ya Bi Mwanaidi unakula kofi. "Hii nini?" anauliza. Watoto wote: "Sumu!"

Hayo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa nyumbani, kichwa kimefungwa kitambaa. Vidonda vikapona, na mapunye nayo yakapona kwa dawa ya hospitali. Siku niliyorudi, Bi Mwanaidi akanikagua kichwa, akanisukuma taratibu kwenye mkeka wa wote. Nikakaa. Nikaangalia huku, nikaangalia kule.

"Aikande kahama juzi," akasema.

Wadogo zangu wa leo mtacheka. Magomeni, si pua na mdomo? Nyie mtu akihama mnaye kwenye simu, mna marafiki mia tano humo ndani na jirani hamumjui jina. Sisi mtoto akivuka kwenda Magomeni, kaenda ng'ambo ya dunia. Sijamwona tena mpaka leo.

Kwenye chekechea ya kitukuu changu dawa zinafungiwa juu kabisa, kila chupa na jina lake, na watoto hawaingii mpaka pakauke. Nimefurahi, msidhani nabeza. Na mimi kwangu nadeki kila asubuhi, mazoea. Ila siku hizi jioni inaingia, sakafu bado haina alama hata ya unyayo mmoja.