Ekzosi Iliyokuwa Kimya Mno

Walisema sitaweza. Walisema hadharani, sokoni Soni, nami nimesimama katikati yao. Mmoja alisema kuingiza injini ya dizeli kwenye vani iliyozaliwa na petroli ni sawa na kumfungia ng'ombe kwenye banda la kuku. Mwingine akadakia, "Haya, tuseme imeingia. Moshi wake utautolea wapi, Mjerumani? Puani?"

Wakacheka mpaka wauza kabichi wakageuka kututazama. Mjerumani ndilo jina walilonibandika niliporudi, kwa sababu diploma yangu ya ufundi wa magari niliipata Ujerumani, enzi nchi hiyo ikiwa bado mbili. Mtu mwenye diploma hajibizani na watu wanaofungua boliti kwa patasi.

Gereji ya shirika la umma niliyoifanyia kazi Dar es Salaam ilikuwa imeuzwa, na sisi mafundi tukaambiwa turudi makwetu. Wenzangu walirudi na manung'uniko. Mimi nilirudi na sanduku la vifaa, na vani ya shirika lenyewe, niliyoinunua kama chuma chakavu baada ya injini yake kufa. Milango ya biashara ya nje ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Injini zilizotumika Japani zilikuwa zikishushwa bandarini kama viazi, na mwenye fedha alichagua anayoitaka. Fedha ndiyo sikuwa nayo. Mjomba akauza fahali. Shangazi akanipa alichopata kwenye viazi vyake. Haikutosha.

Aliyejazia pengo ni mtu ambaye ningependa asilijazie. Tulikaa dawati moja shuleni. Yeye aliishia darasa la saba, mimi nikapanda ndege. Niliporudi nikamkuta ana pikapu inayobeba watu na mizigo kutoka Bumbuli hadi Mombo, ana nyumba ya matofali ya kuchoma, ana mke anayecheka ovyo kwa furaha, na ana kitambi. Alinikopesha mbele za watu, bila kuombwa mara mbili.

"Chukua, mghoshi," alisema, kama Wasambaa tunavyoitana wanaume. "Utanirudishia ukiamka."

Ukiamka! Kama vile nilikuwa nimelala. Tangu siku hiyo hakunidai hata kwa macho. Alinisalimia vizuri, akaniulizia hali ya mama, akaondoka. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Injini iliingia. Hilo silielezi kwa kirefu kwa sababu halikunisumbua. Kazi ilikuwa ekzosi. Injini ya zamani ilitolea moshi upande wa kushoto. Hii mpya ilitolea kulia, palepale penye sanduku la usukani. Bomba la dukani halikuwepo, na kama lingekuwepo lisingefaa. Ilibidi lishuke ghafla kutoka kwenye injini, lipite chini ya giaboksi, likwepe mrija wa breki, kisha lipande juu ya ekseli ya nyuma bila kuigusa, hata gari likizama shimoni na mzigo wake.

Mafundi wengine wa milimani walikata vipande vya bomba wakaviunga pembe kwa pembe, kama mkono uliovunjika ukaungwa vibaya, na moshi ukifika hapo unakwama. Mimi nilikunja. Nilinunua mabomba meusi kwenye vyuma chakavu Korogwe, nikayajaza mchanga ili yasibonyee, nikaziba ncha kwa vigingi, nikayapasha kwa makaa mpaka yakawa mekundu, nikayakunja taratibu kwenye kisiki. Mchanga wenyewe niliukaanga kwanza, maana mchanga wenye unyevu ukipata moto hupasua bomba. Shangazi alisimama mlangoni mwa jiko lake akinitazama nikikoroga.

"Mwanangu," akasema, "huko Ulaya ndicho mlichokuwa mnakula?"

Sailensa niliiunda kwa bati nene la pipa, ndani nikaigawa vyumba vitatu ili sauti ichoke kabla haijatoka. Nilipowasha gari pale Soni, wale wale waliocheka waliinama.

"Imezimika?" mmoja akauliza.

"Inanguruma hiyo," nikasema.

"Basi inanguruma kwa siri."

Mwenye pikapu naye alikuja. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye maungio yangu yote, akasema, "Safi sana, mghoshi." Kisha akawasha pikapu yake, ambayo bomba lake lilikuwa limekatika katikati na kufungwa kwa waya, akaondoka kwa kishindo cha mabati yanayoanguka. Niliona aibu kwa niaba yake.

Nikaanza safari. Kila asubuhi nilitoka Bumbuli kwenye ukungu, mbele ya pikapu yake, nikafika Soni na viti vitupu. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona kina mama wakitokeza barabarani na matenga ya peasi baada ya mimi kupita, wamenyoosha mikono, wakirudi nyuma kidogo kumngoja yeye. Nikaamini amewapa kitu. Anawakopesha chumvi, nikawaza. Anawabeba bure siku za kanisa. Kila abiria aliyeshuka kwenye pikapu ile nilimwona kama ameibwa mfukoni mwangu.

Mjomba akaniita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vani iuzwe kabla haijaoza. Fahali wangu alikuwa halali na njaa kama gari lako."

"Nani atainunua?"

Mjomba akatazama pembeni. Milima yetu yote ilikuwa na mtu mmoja tu wa kuinunua, nasi sote tulimjua. Nikaiona: vani yangu, ekzosi yangu, na kitambi chake nyuma ya usukani. Nikamwomba anivumilie mpaka viazi vivunwe.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa Soni nikingoja abiria, pikapu ikafika. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Aliyeshuka, huku mwenye gari amemshika mkono na kumbebea tenga, alikuwa mama yangu mzazi.

"Shikamoo, mama. Mimi nimepita pale nyumbani asubuhi hii."

"Marahaba. Umepita na nini?"

"Na gari, mama."

"Gari gani? Nilikuwa jikoni nimetega sikio. Mwenzio nimemsikia tangu kona ya mtoni. Nikamaliza chai, nikafunga mzigo, nikateremka, na bado nikamngoja. Wewe unapita kama paka wa jirani."

"Mama, usimlaumu," mwenye pikapu akasema, anacheka. "Gari la mwanao ni la kizungu. Halipigi hodi."

Nilitaka ardhi immeze yeye, si mimi.

Lakini mama alikuwa amenipa jibu. Kwetu nyumba ziko juu ya barabara au chini yake, na njia ya kuifikia barabara ni ya kushuka kwa makalio au kupanda kwa magoti ukiwa na tenga kichwani. Ukungu ukitanda, ukiwa nyumbani huioni barabara. Watu hupanga asubuhi yao kwa masikio: gari likiwa mtoni, vaa viatu, likiwa darajani, toka. Kule nilikosoma, gari likisikika ni bovu. Nilifanya walichonifundisha, na nilikifanya vizuri kuliko walionifundisha. Sasa ilikuwa zamu ya kufanya ambacho hawakukijua.

Nilikwenda shambani kwa shangazi, ng'ambo ya bonde, nikakaa kusikiliza pikapu ya yule bwana kama mtu anayesikiliza adui akikoroma. Ilikuwa na makelele mengi, lakini makali, na makelele makali yalikatwa na kila kilima. Sauti nzito ndiyo inayozunguka kilima na kuingia jikoni. Nikaipasua sailensa. Vyumba vitatu nikavifanya kimoja kirefu, bomba la ndani nikalipanua, na mdomo wa nyuma nikaupandisha juu ya bampa ili jabali la pembeni lisiimeze sauti.

Shangazi alikuwa kipimo changu. Akisikia gari, apunge kanga. Nilikata, nikaunga, nikashuka mtoni, nikapanda, na kanga haikuonekana. Nikakata tena. Mchana mmoja mweupe kanga ikapanda nikiwa bado sijafika darajani.

"Linasemaje?" nilimuuliza jioni.

"Kama dume la ng'ombe linalojua linakokwenda."

Asubuhi iliyofuata kina mama walikuwa barabarani kabla sijafika. Mama alikuwa wa kwanza, na kiti cha mbele alikitaka yeye. Viazi vilipovunwa, vani ilikuwa ikijaa tangu Bumbuli, na mjomba akaacha kutaja kuuza.

Siku ya kulipa niliwalipa wote walionikopesha, mmoja mmoja, palepale barabarani. Sikupanda kwa mtu. Nilisimama chini ya kila nyumba, nikaacha injini ikinguruma. Mjomba aliteremka na kofia yake ya Jumapili, akasema fahali amerudi amenenepa. Shangazi alifika anapunga kanga, ingawa tulikuwa tumeshaonana.

Mwenye pikapu nilimweka mwisho. Nilitaka ateremke kwa sauti yangu, na aliteremka, kandambili miguuni, anatafuna muhogo, mkewe nyuma yake na tenga. Nikampa fedha yake. Hakuihesabu. Akaitia mfukoni.

"Umeamka, mghoshi," akasema, na akafurahi kweli.

Kisha akainama kulitazama bomba. "Nikunjie na mimi kama hili. Abiria wananiambia nasikika kama debe."

Nilikuwa nimengoja muda mrefu mtu huyu anihitaji kwa lolote. Sasa alinihitaji, mbele ya mkewe, na aliomba kama mtu anayeomba chumvi. Mimi, siku ile ya kumwomba mkopo, nilikonda kwa aibu. Nikamtajia bei kubwa, ya kulipwa kabla ya kazi.

"Hamna shida," akasema. Akatia mkono mfukoni, akatoa zile zile noti zangu, akanirudishia.

Mkewe alikuwa ameshaingia kiti cha mbele na tenga lake. Sikuwa tena na deni la mtu yeyote duniani. Nikakanyaga mafuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, bonde lote lisikie.