Bei ya Kusuka Ilipoanza Kutembea

Nacheka kabla sijaanza, mnisamehe. Kila nikikumbuka ile miezi ya saluni yetu ya sokoni Kalerwe tumbo linaniuma kwa kicheko, ingawa jambo lenyewe lilianza vibaya: nilikuwa karibu kufukuzwa kazi.

Tulikuwa wasusi watatu. Mwenye saluni, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa mke wa polisi kutoka kaskazini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kila sentensi amri. Mkubwa wetu kazini alikuwa Mganda mpole mwenye watoto wanne, vidole vyake vina kasi ya cherehani. Wa pili alikuwa Mganda pia, msichana mwenye ulimi mkali. Wa mwisho mimi, mkimbizi wa kutoka Bukavu, mwenye domo.

Shule zilipofunguliwa, pesa zote za mji zikaenda kwenye ada, na wanawake wakafunga vitambaa kichwani. Tulishinda tukisukana sisi kwa sisi. Mama akatangaza: "Mimi iko na pesa ya watu wawili tu. Ijumaa, wa mwisho kuingia anaenda." Hakuwa na chuki. Kwa watu wa polisi mshahara ni mshahara, haupandi haushuki. Mtu yupo au hayupo.

Mimi nikiogopa siwezi kunyamaza. Nikamwambia kwetu Bukavu kila kitu kinafuata dola: unaamka asubuhi, sabuni ina bei mpya, na msusi naye ana bei mpya. Wateja wakipungua tunashusha bei, malipo yetu yanashuka nayo, tunakonda wote, lakini hakuna anayefukuzwa. Nikamtajia kaka yangu aliyekuwa kiwandani Nairobi. Mshahara wake haukuguswa hata senti, ukabaki mzuri vilevile mpaka asubuhi waliyomfungia geti.

"Kwa hiyo unataka mshahara wangu upungue ili wewe ubaki," yule mwenye ulimi akasema.

Ndivyo nilivyotaka, na aibu iliniwaka masikioni. Mkubwa wetu alikuwa anachambua rasta, hata hakuinua kichwa. "Kidogo tukigawana kitatosha, nyabo," akamwambia Mama. "Punguza wote." Mtu mwenye watoto wanne! Siku ile ningembusu miguu.

Basi Mama, ambaye hajui kufanya jambo kidogo, akanunua ubao. Asubuhi bei ya chini, mchana ya kati, jioni watu wakitoka kazini, ya juu. Akawa anasimama mlangoni na chaki yake kama afande wa zamu. Lakini wanawake wa Kalerwe si wa kuchezewa. Siku ya tatu muuza nyanya mmoja alikuwa amesukwa upande wa kushoto tu alipoona Mama anafuta ubao apandishe bei. Akanyanyuka. "Huu mwingine kesho asubuhi," akasema, akalipa nusu, akarudi kwenye nyanya zake, kushoto rasta mpaka begani, kulia nywele zimesimama wima. Wiki ile soko lilijaa vichwa nusu. Watu walikuja kutazama, wakacheka, na waliocheka wakakaa wakasukwa. Haki ya Mungu, sijawahi kufurahi kazini namna ile. Malipo yalikuwa madogo, nilikuwa nakula mkate mkavu, na nilicheka mpaka makombo yakanitokea puani.

Ijumaa ikapita, nipo. Ijumaa nyingine, nipo. Mama akaachana na bei ya saa, akaweka bei ya mwezi. Desemba ilipokuja na maharusi na Krismasi bei ikapanda, na Mama, hilo sitalisahau, akapandisha malipo yetu bila kuombwa, yakapita hata yale ya mwanzo. Nilinunua viatu vyekundu. Nilicheza katikati ya saluni, yule mwenye ulimi akinigongea chanuo mezani, na mteja niliyekuwa namsuka akalalamika kwamba namchelewesha kanisani.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama mlangoni. Nilimjua kwa lafudhi kabla hajamaliza salamu: wa Bukavu, amefika wiki mbili tu. Anajua kusuka. Anatafuta kazi. Akasema atapokea nusu ya malipo yetu, hata robo.

Mama akanigeukia mimi. "Wewe profesa ya bei. Tupunguze wote kidogo, huyu aingie?"

Mkubwa wetu akanitazama. Alikuwa tayari, nilimwona. Nami nikafikiria kodi ya chumba. Nikafikiria jinsi nilivyolala njaa wakati wa ada za mwanzo wa mwaka. Nikasema nafasi yenyewe ni finyu, na wateja hawa ni wa sikukuu tu, kwa hiyo afadhali apite mwezi wa pili. Mwezi wa ada, nilijua. Nilimwambia mimi mwenyewe, kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu, ili asiumie.

"Aksanti, yaya," akaniambia, kama tunavyomwita kwetu ndugu mkubwa.