Vyungu vya Maji Matupu

Tulimwita Mama Vyungu kwa sababu miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo: vyungu vya miche ya nyanya katika banda la maabara. Mimi naosha chupa mlango wa pili, kwa hiyo habari zake msinisimulie, nazijua.

Daktari wetu wa kemia alikuwa amechukua dawa ya zamani ya ukungu, ile ambayo mvua moja tu inaiosha yote, akaibadilisha. Alipunguza kipande huku, akapachika kingine kule, ili ing'ang'anie jani. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne! Mama Vyungu akapulizia dawa hiyo vyungu ishirini, vingine ishirini akavipulizia maji matupu, kisha vyote akavitia ukungu. Miche ya maji ilipaswa kuoza.

Haikuoza. Hata doa.

"Umechanganya vibandiko," Daktari akamwambia.

"Sijachanganya, baba."

"Rudia."

Akarudia. Majani yale yale, mabichi, yanang'aa. Daktari akasema ikiwa hivi mara ya tatu, mama atafute kazi nyingine. Jamani! Nilitamani kumrushia chupa. Lakini mama mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa kuliko sisi sote. Alinusa bomba la kupulizia, akahesabu vyungu kwa kidole, akaniuliza, "Hivi dada, maji ni haya haya tunayokunywa?"

"Ndiyo hayo."

"Au ndiyo nazeeka?"

Nikarudi kwenye chupa zangu.

Mara ya tatu, kwa kukata tamaa tu, miche ya maji akaihamishia stoo kwangu. Siku ya sita ilikuwa imeoza yote. Ile ya dawa, bandani, mizima kabisa.

Daktari akaja, akatazama, akakaa juu ya ndoo. Kumbe dawa yake haikuwa inashika jani hata kidogo. Ilikuwa inapaa hewani kama petroli na kutua kwenye miche ya jirani. Bandani ilikinga kila kitu. Shambani upepo ungeichukua yote. Miaka minne imekwenda na maji.

Nilijiandaa kuchekelea. Aombe radhi sasa! Mama Vyungu akamwinamia, akasema polepole, "Basi, baba, andika nilichanganya mimi."

Huyu mama ana akili timamu kweli? Daktari akatoa kalamu, akafungua daftari. Kisha akaandika: dawa inaruka, mfanyakazi hakukosea. Mama Vyungu akamshikia daftari.