Taa Niliyoizima Miezi Miwili

Acha niseme ukweli: hako kadude nilikanunua kwa kiburi. Unakachomeka chini ya usukani, simu inakuonyesha kosa la gari, unabonyeza "futa," taa ya injini inazimika. Miezi miwili nilibonyeza karibu kila asubuhi hapa Ruiru, bila hata kusoma namba iliyoandikwa. Taa ikizimika, nilijiona makanika. Ujinga mtupu!

Wakati huo mama yangu alikuwa anangoja upasuaji wa mtoto wa jicho huko Thika. Baada ya kungoja karibu mwaka, alipewa Alhamisi, saa mbili asubuhi. Goti lake halipandi matatu, na mimi niliapa nitampeleka mwenyewe. Si ndiyo maana nilinunua gari?

"Gari yako inatetemeka," aliniambia Jumapili tukitoka kanisani.

"Mami, simu imesema haina kosa."

"Haiya, kwani nimekuuliza simu? Ni hiki kiti kinanitetemesha."

Nikacheka. Mtu haoni hata taa yenyewe, nikajiambia, atajua nini kuhusu injini?

Jumatatu gari ilikosa nguvu kwa mlima, nikaipeleka kwa makanika mmoja huko mtaa wa Landless. Akachomeka mashine yake. Haikuonyesha kitu.

"Code, ile namba ya kosa, ilikuwa gani?" akaniuliza.

"Sijui. Nilifuta."

Akanitazama weee. "Sasa unataka nitengeneze nini? Endesha mpaka iwake tena."

Siku mbili nilienda Juja na kurudi, mafuta yakiisha, nikiibembeleza hiyo taa iwake. Wapi! Kitu kilichonisumbua miezi miwili, sasa nakitafuta hakionekani. Nilipiga usukani ngumi mpaka mkono ukauma.

Iliwaka Alhamisi, tukipita Witeithie, mama kando yangu amefunga kitambaa kipya kichwani. Gari ikaanza kurukaruka, ikakohoa, ikazima. Teksi niliyoita kwa simu ilighairi mara mbili. Nilitaka kulia, mzee mzima. Nilimpigia yule makanika, tukamngoja zaidi ya masaa mawili, akaja na bodaboda, na safari hii alikuta namba ya kosa: silinda ya tatu haichomi mafuta. Akabadilisha koili moja ya kuwashia mafuta, dakika ishirini. Dakika ishirini tu, jameni!

"Hii imetetemeka siku nyingi, wewe ukifuta tu," akasema akipangusa mikono. "Kwani hukusikia?"

Nilimtazama mama. Alikuwa anakaza kitambaa chake kichwani. Afadhali angenitukana.

Hospitalini tulifika saa tano. Nafasi yake walikuwa wameshampa mwingine, wakamwandikia kadi arudi baada ya miezi minne. Nilijaribu kubishana na yule dada wa mapokezi, lakini ningemwambia nini? Tulirudi kwa gari, injini imetulia kabisa, hakuna taa. Mama aliisogeza ile kadi karibu na pua, akaigeuza huku na huku, akashindwa. Akaniwekea mkononi.

"Nisomee tarehe, baba," akasema. "Na hiyo usiifute."