Nilivyomshitaki Mama kwa Watu wa Makumbusho

Nikinusa sanitaiza, hata sasa nikiwa na ndevu zangu tatu za utu uzima, namkumbuka mjusi. Na niungame mapema, msije mkasikia kwa wengine: mimi ndiye niliyemshitaki mama yangu mzazi kwa watu wa makumbusho, kwa hiari yangu, na picha juu.

Tulikuwa Doonside, mtaa wa ng'ambo tulikopokewa kama wakimbizi, mwaka wa pili wa korona, tumefungiwa ndani. Wenzangu walilia, mimi, mtu wa kochi tangu kuzaliwa, nilinenepa. Jumba la makumbusho la mjini liliomba watu wapige picha wanyama wa uani na kuzituma, maana watafiti wenyewe hawakuruhusiwa kutoka. Nikajiona mtafiti. Kwa wiki mbili niligundua mende.

Halafu Septemba, jua limeanza kuchoma, kitu kinene chenye magamba kikatokeza kichwa majanini, chini ya kamba ya nguo. Nikapiga kelele, "Nyoka!" Kwetu mashariki ya Kongo ukisikia neno hilo hushiki simu, unashika jembe. Mama alitoka na beleshi. Pigo la kwanza lilikata shingo nusu. Kinywa kikaachama, ulimi wa buluu ukatoka. La pili lilipasua fuvu. Kilishakufa, ila mama hakuacha. Alipiga hadi utumbo ukarukia shuka zilizoanikwa, hadi mpini ukavunjika, akaendelea na kipande, akihema. Nilipocheka kwa woga aligeuka akanitazama kama hanijui.

Ndipo nikaona miguu. Minne, mifupi kama vidole vya mtoto.

Mwenye akili angefukia. Mimi nilifuta beleshi kwa sanitaiza, kana kwamba marehemu alikuwa na korona, nikatuma picha: mnyama mpya, ameuawa na mama, anwani yetu hii hapa.

Jibu likaja: ni mjusi wa kawaida, hana sumu, analindwa na sheria, mtafiti angependa kutupigia simu. Mama aliposikia neno sheria alitoa bahasha ya karatasi zetu za ukimbizi, akavaa viatu, akakaa mlangoni.

"Batanirudisha?" aliuliza. "Uwaambie ni mimi. Mutoto hana makosa."

Simu ikalia. Mtafiti, mwanamke mpole, hakutaka kesi. Alikuwa akikusanya habari za jinsi watu wa nchi mbalimbali wanavyoishi na nyoka. Akauliza kwa nini mama alipiga vile. Nikatafsiri. Mama akasema akitazama ukuta:

"Tulikuwa mu majani, tunakimbia watu wa bunduki. Dada yako alikuwa na miaka mbili. Nyoka ikamuluma. Alitaka kulia, nikamufunga kinywa na mukono. Nikafunga mpaka akanyamaza."

Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na dada. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mtu anasubiri kwenye simu. Nikamwambia kwa Kiingereza: mama anaogopa nyoka. Akashukuru, akaandika.

Mama hajairudia habari ile tena. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa akimjibu mtafiti. Alikuwa akiniambia mimi. Juzi nilimsimulia jirani yetu Mama Njeri, nesi Mkenya, nikitegemea acheke nikifika pale pa sanitaiza. Hakucheka. Aliweka chini beseni lake la nguo.

"Wewe kijana ni mjinga kweli," alisema. "Mama yako amekuambia ulikuwa na dada, na mpaka leo hujamuuliza aliitwa nani?"