Sinki Langu na Majivu ya Mama

Sinki la jikoni kwangu Nkuhungu, Dodoma, lilikuwa la kwanza katika ukoo wetu, nami nililionea fahari kama wengine wanavyoonea fahari gari. Nyumba ilikuwa haijapigwa rangi nje, dirisha moja nilikuwa nimeliziba kwa bati, lakini sinki lilikuwepo, linang'aa, na bomba lake la kugeuza kushoto na kulia. Mgeni akija nilihakikisha anapitia jikoni.

Mama alikuja kutoka kijijini kwetu Kibakwe baada ya arobaini ya baba. Ndugu zangu walisema aachwe apumzike kwake. Mimi nikakataa katakata. Nilitaka akae na mimi moja kwa moja, si wiki wala mwezi. Nikamtengea chumba, nikatandika kitanda kipya, nikamwambia hapa ni kwako.

"Tutaona, mwanangu," akajibu.

Wiki ya kwanza hakuligusa sinki. Wiki ya pili akalizoea, na hapo ndipo sufuria zangu zilipoanza kung'aa. Jiko la gesi alilikubali kwa chai tu. Maharage aliyapikia uani kwa kuni, juu ya mafiga matatu, maana alisema maharage ya gesi hayana ladha. Sufuria ilirudi ndani nyeusi tii kwa masizi, naye akaisugua kwa namna anayoijua yeye: konzi ya majivu, konzi ya mchanga, na gunzi la mahindi.

Nilipomwona nilirudi utotoni. Kwetu sufuria zilisuguliwa nyuma ya nyumba, kisha zikafunikwa juu ya kichanja zikauke, vitako vikitazama jua, na jirani akipita alivikagua kabla hajabisha hodi. Mwanamke alipimwa kwa kitako cha sufuria yake. Sisi mabinti tulisugua mpaka vidole vikawaka moto. Mama aliiinua kila sufuria kwenye mwanga, na akiona doa alikurudishia bila kusema neno. Nilizichukia asubuhi zile. Sasa nazitamani mpaka najionea aibu.

Basi nikafurahia sufuria zangu. Majivu na mchanga vinakwenda wapi, mimi niliyesoma sikujiuliza.

Jumamosi moja maji yakagoma kushuka. Yalijaa sinki zima, ya kijivu, vipande vya ukoko vikielea juu. Wenzangu wa ofisini walikuwa waje kula mchana, na mimi hasira zangu ziko karibu, sijawahi kuficha.

"Mama, umeniulia sinki!" nikapayuka. "Hapa si kijijini!"

Alijifuta mikono kwenye khanga, akasogea pembeni.

Nikakimbilia simu. Kulikuwa na video ya dada mmoja mwenye jiko jeupe pee, akieleza kwamba unamwaga magadi soda, unafuatisha siki, unafunika na kusubiri. Nikachota maji yaliyosimama, nikamwaga kopo zima la magadi soda, nikafuatisha siki. Povu likapanda likivuma. Nikapiga makofi. Povu likashuka, nikafungulia bomba, na maji yakasimama palepale.

"Limecheka tu," mama alisema kutoka pembeni. "Halijameza."

Akaenda chumbani, akarudi na kifundo cha kitambaa. Ndani yake kulikuwa na magadi ya mawe, yale tunayowekea mboga ya mlenda. Kumbe alikuwa ameyabeba kutoka nyumbani, kana kwamba Dodoma hakuna. Akachemsha birika la maji, akayayeyushia humo, akamimina polepole. Mvuke ulinipiga usoni, na kwa muda nikawa niko jikoni kwetu Kibakwe, macho yanawasha kwa moshi, baba anakohoa nje akisubiri ugali. Nikageuka mama asinione. Nilimkumbuka baba siku ile kuliko siku ya mazishi.

Maji yakashuka kidogo, yakaacha.

"Mafuta yametoka," mama akasema. "Kilichobaki ni mchanga wangu, na mchanga hauyeyuki. Haya maji yanapita wapi?"

Sikujua. Nyumba nimejenga mwenyewe, nimesimamia mafundi kwa kelele, na sikujua. Mama akapiga magoti, akaliona bomba lililopinda chini ya sinki, akatega beseni, akazungusha kifungio kwa kipande cha kitambaa. Tope zito likadondoka pwaa, likamrukia mpaka kwenye kilemba. Tukatazamana. Akaanza kucheka yeye, nikafuata mimi, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Wageni walipofika maji yalikuwa yanashuka kwa kishindo, nami nikawasimulia jinsi mama yangu alivyo fundi. Alitabasamu, akawaongezea mboga.

Nilidhani yamekwisha.

Kesho yake nilimkuta uani, ameinama kwenye beseni, anaosha sahani aliyolia chakula. Maji machafu akayamwaga kwenye mpapai. Nikamwambia, mama, sinki lipo. "Sawa, mwanangu," akasema, na jioni akaosha tena uani. Nilimnunulia sponji na sabuni ya maji. Akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaziweka kando ya sinki, na hakuzigusa. Siku nyingine akakipeleka nje hata kikombe chake cha chai. Mawingu ya kwanza yalipojikusanya aliniambia shamba linamwita. Nilimsindikiza stendi, nikasimama dirishani kwake mpaka basi likaondoka, na lile neno langu sikulitaja.

Nimelitaja juzi kwenye simu. Nilimwambia nisamehe, mama, siku ile nilikuambia hapa si kijijini.

"Siku gani?" akauliza. "Mimi sikumbuki."

Mama yangu anakumbuka siku jino langu la kwanza lilipong'oka na nani alilirusha juu ya paa. Nikamwomba arudi, chumba chake kiko vilevile. Akasema, kwa upole uleule, kwamba akishavuna atapita kunisalimia, siku mbili hivi, asinichoshe.