Baiskeli ya Kwenda Nalasi

Zulfa ndiye aliyeanza kusema kwamba mzee Otto amepata mwanamke. Alisema bombani, ndoo yake ikijaa, kwa sauti ile ya mtu anayejifanya hataki kusikika.

"Mama Urbani, wewe si umepanga kwake? Usiniambie hujaona."

"Nimeona nini?" Suzana akauliza. Mtoto wake alikuwa amelala mgongoni, shavu la moto limegandana na shingo yake.

"Ile baiskeli nyekundu. Tandiko pana hivi. Mwanamume mjane anatengeneza baiskeli ya kike, ya nani? Na kila asubuhi anaishika usukani, anaikandamiza chini, anaiachia, anaikandamiza tena. Mimi nimemwambia mume wangu, mzee anaifundisha baiskeli kupiga magoti, siku ya kupelekwa ukweni isije ikatia aibu."

Wanawake wakacheka hadi mmoja akamwaga maji. Suzana naye alicheka, kisha akajisikia vibaya, akajitwika ndoo na kuondoka.

Kuona alikuwa ameona. Shule aliishia la saba, na kwenye maongezi ya watu wengi hakuwa msemaji, lakini macho yake hayakulala. Dirisha la chumba chake lilitazama baraza ambako mzee Otto alitengenezea baiskeli za watu wa Matogoro, na kwa dirisha hilo alijua mengi ambayo hakuyauliza. Alijua kwamba mzee hushika kikombe cha chai kwa viganja viwili, kwa sababu asubuhi vidole vyake havikunjiki. Alijua kwamba akisikia honi ya basi la kwenda Tunduru huinua kichwa, hata kama ana misumari mdomoni.

Vidole vile viliharibiwa na mbao. Ujana wake wote Otto aliteremsha mbao kutoka milimani kwa baiskeli, mzigo umepita urefu wa mtu, nyuma amefunga tawi linaloburuzika chini ili kumsaidia kushika breki. Kila jiwe la njia ile lilipanda kwenye rimu, likaja kwenye usukani, likaingia mkononi na kukaa humo humo. Alipooa Kunegunda akaacha mbao, akashika spana. Wakapata mtoto mmoja tu, Beata. Kunegunda akafariki, na siku ya kumzika ndiyo siku ya mwisho Otto kumwona Beata, ambaye tayari alikuwa ameolewa na mkulima wa korosho huko Nalasi, Tunduru. Baada ya matanga lori likamchukua, akapunga mkono, na mkono ule ndio ambao Otto aliendelea kuutazama barabarani.

Suzana aliitua ndoo mlangoni, akamfunga mtoto vizuri na kwenda barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Babu yangu huyo mgongoni bado amelala?"

"Amelala. Baba, huko bombani wanasema unaoa."

Otto akacheka bila sauti, mabega tu yakicheza. "Namwoa nani?"

"Hawajampa jina. Wanasema ni mnene, ndiyo maana tandiko pana."

Hapo mabega yakatulia. Mzee akapitisha kitambaa kwenye tandiko, ingawa lilikuwa safi.

"Mnene," akasema. "Ingekuwa heri. Hii ni ya Beata."

Jina lile lilimgusa Suzana pahali. Beata ndiye aliyemsuka nywele siku alipopata kipaimara. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli kubwa ya kiume, mguu umepenya chini ya bomba la fremu, mwili wote umepinda kama ndizi, wakiteremka kwa makelele mpaka kwenye shamba la mahindi la watu. Siku hizi walikuwa wamebaki na salamu za sikukuu kwenye simu. Mara nyingine, akimwogesha Urbani, Suzana humsimulia Beata vitu kichwani, jinsi mtoto anavyokunja uso maji yakimgusa, kisha simu anaiacha palepale kitandani.

"Aliniambia mara moja tu," Otto aliendelea. "Mimi nikipiga ananijibu kama yuko mbele ya padri. Shikamoo baba, hatujambo baba, mvua imenyesha baba. Siku moja ikamponyoka. Akasema njia ya shambani ina mizizi ya mikorosho, mikono inamfa ganzi. Halafu akabadilisha maneno haraka. Nikasema, basi, hilo nalijua. Ganzi naijua."

Ndipo akamwonyesha shokapu mbili za kumeza mitikisiko ya njia. Alizitoa kwenye baiskeli za mtumba, zile za gia zinazokuja na makontena kutoka Ulaya, ambazo mbele zina miguu miwili inayozama na kupanda badala ya chuma kikavu. Moja ilikuwa imeshafungwa kwenye baiskeli nyekundu. Nyingine ilikuwa imelazwa kwenye gunia.

"Hii iliyofungwa ni ya upepo. Hiyo ya kwenye gunia ni ya springi. Hebu inyanyue."

Suzana akainyanyua. Ilikuwa nzito kama Urbani alipozaliwa. Kisha akainua mbele ya baiskeli, ikaja mkononi kama bua la muhindi.

"Si afadhali hii nyepesi?"

"Ngoja. Ile ya springi haina maneno. Ukishaifunga, vumbi, mvua, inakwenda tu. Hata kokoto ndogo inaisikia na kuimeza, mkono haupati habari. Hii ya upepo mwanzo wake ni mgumu, kokoto inakugonga kwanza ndiyo nayo ikubali kushuka. Na inavuja. Ndani ina mipira, ikichakaa ndiyo basi, Nalasi nani atakuwa na mipira yake? Na inataka pampu yake maalumu, ambayo hapa Songea nzima sijaiona."

"Basi mfungie ya springi, baba. Unajisumbua na nini?"

Otto akainama akatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

"Springi inakatwa kwa uzito wa mtu," akasema. "Ukiwa mzito kwake, inapiga chini, gwa, kama hujafunga kitu. Ukiwa mwepesi kwake, haizami, ni sawasawa na kupanda jiwe. Lazima umjue mtu. Hii ya upepo unaongeza, unapunguza. Huyo anayeipanda, hata aweje, inamkubali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ya upepo." Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Suzana alirudi chumbani kwake na kuwasha jiko, lakini maneno yale yalimkaa. Mzee aliisifu springi tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu akachagua upepo.

Lori la Athanasi, linalofuata korosho Nalasi, lilikuwa liondoke Jumamosi, na baiskeli ilitakiwa kupanda humo. Wiki ile yote Suzana alimwona mzee akihangaika. Aliungaunga pampu ya kawaida, akapampu mpaka jasho likamdondoka puani, akakandamiza usukani, akaridhika. Asubuhi yake shokapu imelala chini, imesinyaa kama kibofu cha mbuzi. Anaanza upya. Zulfa akipita kwenye kichochoro humwambia, "Baba, bado hajajua kupiga magoti?" Naye humjibu, "Anajua, shida ni kuinuka." Wote wawili wanacheka, na Zulfa akishapita uso wa mzee unarudi palepale.

Ijumaa, jua limeshapanda, Otto akashindwa kuvumilia. Akaikokota baiskeli kwenda barabara kuu, kwa kijana anayeziba pancha za magari. Suzana alikuwa anakwenda kununua chumvi upande huohuo, wakaongozana.

"Kijana, valvu ni kama ya gari," Otto akasema. "Nitilie upepo kidogo."

"Kidogo cha baiskeli au kidogo cha lori, mzee?"

"Kidogo cha mgonjwa."

Kijana akacheka, akawasha kompresa, akachomeka mpira. Haikufika hata kumeza mate. Mbele ya baiskeli ikaruka juu kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, pakasikika mlio wa kitu kupasuka, oili ikachuruzika kwenye miguu yote miwili ya shokapu na kulowanisha tairi. Halafu usukani ukashuka polepole mpaka mwisho, na haukuinuka tena.

"Nilisema kidogo," Otto akasema, lakini bila ukali.

"Na mimi nimeweka kidogo, mzee wangu. Hicho kitu hakina tumbo. Tairi lina tumbo, unalipa linapokea. Hicho hata kikohozi kinakijaza."

"Najua. Nilijua kabla sijatoka nyumbani. Haraka zangu tu."

Walirudi taratibu, Otto akisukuma, Suzana upande wa pili ameshika tandiko ingawa hapakuwa na haja ya kushikwa. Tairi la mbele lilikuwa linaacha mstari wa oili kwenye vumbi. Walipofika pale njia inapoanza kupanda, mzee alisimama kupumzika, akasema bila kumtazama.

"Athanasi alimwona, safari iliyopita. Alinipa salamu zake. Nikamuuliza, yukoje? Akasema, yupo, ila amepungua, mzee. Nguo zinamcheza. Nikamwuliza, amepungua kiasi gani? Athanasi akaanza kuniambia habari za bei ya korosho."

Suzana alimrekebisha mtoto mgongoni.

"Nampigia, ananiambia hajambo. Nikimwuliza, unakula? Anasema chakula kipo. Mimi ni baba yake, nimwambie nini? Nimwambie, mwanangu, una kilo ngapi? Mama yake angeuliza. Mama yake asingeuliza hata, angesikia anavyopumua tu." Akaufuta usukani kwa kiganja. "Ndiyo maana nilitaka ya upepo. Nikasema, nitamjazia wastani, akifika huko yeye na mume wake watapunguza wenyewe, watakavyoona. Mimi huku nisijue."

Hapo ndipo Suzana alipoelewa ile haraka ya siku ile, mlango aliousikia ukifungwa.

Kufika nyumbani mzee hakupumzika. Aliing'oa shokapu iliyopasuka, akaichukua ile ya springi na kuifungua. Suzana alikuwa anachambua mchicha kizingitini, Urbani ameketi kwenye kanga anapiga sufuria kwa mwiko. Akamwona mzee anatoa kwenye kopo springi ya pili, akazilaza mbili sambamba juu ya gunia. Urefu wake ulikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa unene wa waya. Moja waya wake ulikuwa mnene, ya mtu mwenye mwili. Nyingine waya mwembamba, laini, ya mtu mwepesi.

Alichukua ile nene, akaitumbukiza kwenye mguu wa shokapu, akafunga, akakandamiza. Akatazama. Akafungua, akaitoa. Akatumbukiza ile nyembamba. Alipokandamiza hiyo, mkono ulizama mara moja, kwa urahisi, na mzee akauondoa kama aliyegusa kitu cha moto. Akaifungua nayo. Akarudisha zote juu ya gunia, akakaa kwenye kigoda na mikono yake katikati ya magoti.

Suzana aliendelea kuchambua mchicha uliokwisha kuchambuliwa. Alikuwa anamkumbuka Beata wa mteremko ule wa mahindi, mabega mapana, vifundo vya miguu vikubwa, akimpigia kelele kutoka nyuma asishike breki. Akajaribu kumpunguza kichwani, nguo zimcheze, na kichwa kikakataa. Simu ilikuwa palepale ndani, kitandani.

"Mama Urbani," mzee akaita.

"Abee baba."

"Njoo mara moja. Njoo na mtoto."

Akambeba Urbani ubavuni, akaenda akachuchumaa upande wa pili wa gunia. Otto alimpa mtoto kipande cha cheni kuukuu achezee, akangoja mpaka kimemkaa vizuri mkononi.

"Wewe na yeye mlikuwa mnaambiana mambo," akasema. "Mlikuwa mnanong'ona mpaka mama yake anawafukuza mkalale."

"Ndiyo baba."

"Namba yake unayo."

"Ninayo."

"Mpigie. Sasa hivi, kabla Athanasi hajaja kufunga mzigo. Usimwambie nimekutuma. Muulize yale mnayoulizana wanawake, gauni gani anavaa siku hizi, linamkaaje, usiku anapata usingizi. Wewe hatakwambia hajambo."

"Akiniambia anaumwa?"

Otto alizitazama zile springi mbili, kisha akayageuza macho kwenye migomba nyuma ya nyumba.

"Mimi nitakuwa kule, nakata majani makavu, nisisikie kitu. Ukimaliza usije ukanisimulia, mwanangu. Sitaki maneno. Chukua springi moja hapo, ile inayomfaa, uniletee mkononi."